Asubuhi Moja Kabla ya Chai

Mtoto akishatoka, akalia, akalazwa kifuani mwa mama yake, watu wote chumbani humgeukia yeye. Anayebaki kazini ni mkunga. Dakika chache baadaye linatoka lile ambalo halijawahi kupigiwa vigelegele: kondo la nyuma. Mkunga hulipokea kwenye beseni, hulitandaza kwa viganja viwili, huligeuza na kukagua pande moja baada ya jingine kuhakikisha limetoka zima, hakuna kipande kilichosalia tumboni. Ni pana kama sahani, jekundu lililokolea, zito kiasi cha nusu kilo. Upande wa pili linang'aa, na mishipa imetawanyika kutoka kwenye kitovu kama mizizi ya mbuyu iliyofunuliwa na mvua. Mkunga akisharidhika, linapelekwa kwenye shimo nyuma ya zahanati. Bibi zetu walilizika nyumbani, kwa stara, wakijua kwamba hilo nalo lilikuwa sehemu ya mtu.

Kuanzia mwaka 2014 hadi 2016, baadhi ya makondo ya kina mama wa Handeni na Korogwe hayakuishia shimoni. Sampuli zake zilihifadhiwa pamoja na damu ya kitovu, zikaingia maabara. Kazi hiyo ilifanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Tanga chenye maabara yake pale Korogwe, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Copenhagen na wenzao wengine. Hawakungoja mama afike kliniki tumbo likiwa limeshatokeza. Walianza na wanawake ambao bado hawajashika mimba ila wanatamani kuipata. Zaidi ya 1,400 walikubali kufuatiliwa. Zaidi ya 500 kati yao wakashika mimba, na zaidi ya 400 wakafuatiliwa mpaka siku ya kujifungua, watoto wao wakapimwa uzito, urefu, mzunguko wa kichwa, unene wa mafuta chini ya ngozi. Swali lilikuwa moja kubwa: upungufu wa damu, malaria na sukari ya mama vinamfanya nini mtoto aliye tumboni, na vinamwachia nini cha kuja kumsumbua ukubwani?

Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, naandika kwa ajili ya wanawake hao. Walitoa damu, walitoa siku zao za shamba, wakatoa hata kondo la nyuma. Yaliyopatikana yamesomwa Ulaya na Marekani katika majarida ya wataalamu. Naomba yarudi Kabuku, Mkata, Sindeni, Mombo, Magoma na Bungu, tena yarudi kwa sura ndogo kabisa: tone la damu la kidole, asubuhi moja kabla ya chai.

Kuna ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kwa nusu. Kisukari cha mimba ni sukari inayopanda wakati wa ujauzito kwa mwanamke ambaye huenda hajawahi kuwa nayo kabla. Chanzo chake kikubwa ni hilo hilo kondo. Kadiri mimba inavyokua, kondo hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitii sana insulini, ili sukari ibaki kwenye damu na mtoto apate sehemu yake. Ni mpango mzuri wa Mungu, na kwa mama wengi kongosho huongeza insulini na mambo yakaenda sawa. Kwa wengine kongosho hushindwa kufukuzana na hitaji hilo. Sukari ikizidi kwa mama, inavuka kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haivuki. Mtoto, kwa kongosho lake dogo, inabidi atengeneze insulini yake mwenyewe kwa wingi kuikabili sukari isiyo yake, na insulini hiyo humnenepesha. Daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1950, na mpaka leo wakunga wanaliona: mtoto mkubwa kupita kiasi, mabega yanakwama njiani, mama anachanika au anaishia kwenye kisu. Kisha kitovu kikikatwa, sukari iliyokuwa ikimiminika inakatika ghafla huku insulini ya mtoto ingali juu, na kachanga kanalegea kwa kushukiwa na sukari. Ndiyo maana titi la saa ya kwanza ni dawa, si desturi tu.

Shangazi yangu alijifungua mtoto wa kilo nne na nusu. Nilikuwa mdogo, lakini naikumbuka furaha ile. Watu walikuja kumtazama mtoto kama wanavyokuja kutazama boga lililoshinda mengine shambani. "Mama huyu ana chakula ndani," walisema, na babu akachinja. Hakuna aliyesimulia kwamba shangazi alikaa katika uchungu usiku kucha, wala kwamba hakupimwa sukari hata mara moja katika mimba ile. Miaka kadhaa baadaye alianza kuamka usiku mara nne tano kwenda haja ndogo, akakonda, macho yakaanza kuona ukungu. Alipogundulika ana kisukari kila mtu alishangaa kimetoka wapi. Kilikuwa kimeshapiga hodi zamani, siku ya yule mtoto wa kilo nne na nusu. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano mkubwa zaidi, mara saba au hata kumi, wa kupata kisukari cha kudumu baadaye, kuliko mwenzake ambaye hakukipata.

Tulichelewa kuliona hili kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake, akiwemo Andrew Swai, walichapisha utafiti wa vijiji vya Tanzania wakakuta kisukari ni haba mno, chini ya mtu mmoja katika kila mia. Mwaka 1991 kundi hilo hilo likapima wajawazito wa vijijini, na halikuona sukari ikiwapanda kwa mimba. Kwa wakati ule ilikuwa kweli. Lakini kufikia 2012, uchunguzi wa kitaifa ulikuta takriban watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Mwaka 2014 Dk. Akwilina Mwanri wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake wakaonyesha kwamba kisukari cha mimba kilikuwa asilimia 8.4 kwa wajawazito wa mjini na asilimia 1 tu kwa wa kijijini. Hapo bado kijiji kiliweza kulala.

Kisha yakaja majibu ya Handeni na Korogwe, yakachapishwa mwaka 2020: kisukari cha mimba kipo vijijini, tena kwa wingi. Nawasihi tusome kwa haki. Katikati ya tafiti hizo kipimo chenyewe kilibadilika. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limeshusha mstari wa sukari ya kuamkia, na mama akifikia milimoli 5.1 kwa lita kabla hajala anahesabiwa kuwa na kisukari cha mimba. Mstari huo ulitokana na utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2008, uliopima zaidi ya wajawazito 23,000 katika nchi tisa. Katika nchi hizo tisa hakuna hata moja ya Afrika. Mama wa Kwamsisi anapimwa kwa mstari uliochorwa kwa miili ya mama wa Bangkok na Chicago. Huenda mstari unamfaa, huenda unahitaji kusogezwa, na jibu litatoka kwa wanawake wetu wenyewe, ambao tayari wameanza kuchangia. Lakini ugomvi wa mstari usitufanye tukae bila rula kabisa. Hali ilivyo, katika zahanati nyingi mama anapimwa damu, presha, uzito, VVU na kaswende, na sukari inaachwa, au inaangaliwa kwenye mkojo, ambao wakati wa mimba unaweza kukudanganya huku na huku.

Lililonigusa zaidi katika majibu yale ni dogo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kipimo kamili cha kisukari cha mimba kina taabu: mama anafika hajala, anatolewa damu, anakunywa gramu 75 za glukosi, anasubiri saa moja, anatolewa tena, anasubiri saa ya pili, anatolewa tena. Kwa mama aliyepanda bodaboda kutoka kijiji cha ndani na kumwacha mtoto kwa jirani, hiyo ni siku nzima. Lakini kwa wanawake wa Handeni na Korogwe, wengi wa waliogundulika walijulikana kwa lile tone la kwanza, la kabla ya kula. Maana yake zahanati yenye mashine ndogo ya kupimia sukari kidoleni na stripu zake inaweza kuanza kazi kesho. Mashine ya kidole haina uhakika wa maabara, hilo ni kweli, na mama atakayeonekana yuko juu apelekwe kituo cha afya au hospitali akathibitishwe. Lakini mlango wa kwanza unaweza kufunguliwa kijijini.

Sasa turudi kwenye beseni la mkunga, kwenye lile kondo. Kwa nini wataalamu walilitaka? Fikirini mashamba ya mpunga ya Mombo, ambako maji yanashuka kutoka milima ya Usambara na kugawanywa kwa mifereji. Maji ni yale yale, mfereji mkuu ni ule ule. Anayeamua shamba gani linywe na lipi likauke ni yule mwenye jembe, anayefungua kizuizi hapa na kuziba pale kwa bonge la tope. Jeni za mtoto, alizopewa nusu na baba na nusu na mama, ni kama mifereji hiyo: hazibadiliki kwa sababu mama amekula hiki au kile. Lakini juu ya jeni hizo mwili hubandika alama ndogo za kikemia, mabonge ya tope, zinazosema jeni hii ifanye kazi sana, ile ifanye kidogo, nyingine inyamaze. Elimu ya alama hizo inaitwa epijenetiki. Na wakati ambapo alama nyingi zinabandikwa ni ule wa tumboni, ndani ya mtoto na ndani ya kondo linalomlisha.

Mwaka 2010 watafiti wa Québec, nchini Kanada, walichunguza makondo wakiangalia jeni ya leptini, homoni inayohusika na njaa na shibe. Walikuta alama za jeni hiyo zinatofautiana kulingana na sukari ya mama wakati wa mimba. Miaka miwili kabla ya hapo, wenzao wa Uholanzi waliwapima watu ambao mimba zao zilitungwa katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, jeshi la Ujerumani lilipowazibia chakula. Miaka sitini ilikuwa imepita, watu wale ni wazee, na alama zao bado zilitofautiana na za ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakupitia njaa ile. Njaa huacha alama, na sukari kupita kiasi huacha alama. Na kwetu Tanga kondo lina mzigo mwingine: vimelea vya malaria vina namna ya kung'ang'ania ndani ya kondo hasa, vikajificha humo hata damu ya kidole isivionyeshe vizuri. Mama wa Handeni anaweza kuwa na sukari, malaria na upungufu wa damu katika mimba moja. Huko Copenhagen ni nadra kuona kondo lililobeba mizigo hiyo mitatu kwa pamoja. Kwa hiyo kondo lenu, ndugu zangu, lina habari ambazo dunia haizipati kwa urahisi kwingine.

Hapa nawaomba kitu kwa moyo wote. Maneno haya yakifika kijijini yasigeuke fimbo ya kumchapia mama. Nimeshawasikia watu wakisema, "Umemharibu mtoto tumboni kwa soda." Si kweli, na ni ukatili. Kisukari cha mimba humpata mwembamba na mnene, mwenye soda na asiye nayo. Umri, ukoo, mwili na kondo lenyewe vyote vimo. Alama za epijenetiki nazo si hirizi ya maisha yote. Tope la mfereji huwekwa na huondolewa, na mtoto ana miaka mingi mbele ya kunyonya, kula vizuri na kukimbia uwanjani. Tena wengi wa mama zetu tatizo lao ni kukosa chakula cha kutosha. Mama asiambiwe ashinde njaa. Aambiwe apunguze bonge la ugali au bada, aongeze kunde, mbaazi, dagaa, kisamvu na mchicha. Chungwa alile zima na nyama zake badala ya kunywa juisi ya machungwa matano kwa mpigo. Chai ipungue sukari. Na baada ya kula atembee kidogo. Wengi hutosheka na hayo. Wachache huhitaji dawa au sindano ya insulini, na hiyo si kushindwa. Utafiti wa Australia wa mwaka 2005, wa wanawake 1,000, ulionyesha kwamba mama wenye kisukari cha mimba wakihudumiwa, madhara makubwa kwa watoto wachanga hupungua kutoka asilimia 4 hadi 1.

Mama mjamzito, dada yangu, kati ya wiki ya 24 na ya 28, yaani mwezi wa sita hivi, nenda kliniki kabla hujanywa chai. Kama kwenu alikuwepo mwenye kisukari, au ulishawahi kujifungua mtoto mkubwa sana au kuharibikiwa na mimba, usingoje mwezi wa sita. Sema siku ya kwanza unapopewa kadi. Maji ya kunywa ruhusa. Hii si saumu, ni usiku mmoja tu wa kulala bila kula tena baada ya chakula cha jioni. Funga muhogo wako wa kuchemsha na yai kwenye kitambaa, weka kwenye kikapu, ule pale pale kwenye benchi mara tu ukishatobolewa kidole. Muulize nesi kwa sauti: "Sukari yangu ni ngapi?" Iandikwe kwenye kadi. Na ukigundulika nayo, baada ya kujifungua rudi kati ya wiki ya 6 na ya 12 upimwe tena, kisha usiache kupima mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo shangazi yangu alipopotea njiani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuna njia.

Baba, wewe unayempeleka kwa bodaboda, siku hiyo na wewe usinywe chai nyumbani mbele yake. Mkimaliza mle pamoja. Ukitobolewa kidole na wewe, ndio vizuri zaidi.

Mama mkwe, nakuja kwako kwa unyenyekevu, maana neno lako nyumbani linazidi bango la ukutani. Wewe ndiye unayemwambia mkamwana wako "kula kwa ajili ya wawili." Mwambie ale vizuri, na umwamshe mapema siku ya kliniki.

Waheshimiwa madiwani wa Handeni na Korogwe, mijini na vijijini, mtakapokaa kupanga bajeti ya halmashauri nawaomba mtafute mstari wa stripu za sukari za wajawazito katika kila zahanati. Msikubali kuambiwa "mashine ipo." Mashine bila stripu ni pambo la mezani. Ulizeni stripu ngapi, zinakwisha lini, nani anaagiza. Mganga Mkuu wa wilaya atawajibu. Hata Msomera, ambako wamehamia wenzetu kutoka Ngorongoro na vyakula vyao vinabadilika haraka, mama wanahitaji tone hilo hilo.

Nanyi watafiti, wa NIMR na wa ng'ambo, mliofanya kazi hii kwa uvumilivu mkubwa: njooni mlete mrejesho. Simameni kwenye mkutano wa kijiji, chini ya mwembe, mkawaambie wale wanawake kwa Kiswahili na kwa Kizigua na Kisambaa, "Mlitupa hiki, tukakuta hiki." Watoto wale sasa wako shule ya msingi. Wengi wanaweza kusoma wenyewe. Wana haki ya kujua kwamba kabla hawajazaliwa walishatoa mchango.

Binti wa shangazi yangu, yule wa kilo nne na nusu aliyechinjiwa, ni mwanamke mzima sasa. Ana mimba ya miezi sita. Kliniki yao ni Alhamisi, na zahanati imesema stripu zimefika. Jana usiku nimempigia mumewe simu kumwomba aifiche chupa ya chai mpaka warudi. Akacheka, akaniambia ameshaipeleka kwa jirani.